Taa ya kuulia wadudu, nyavu za madirisha au dawa ya kupuliza?

Mpangaji_Sinza
Wakuu, habari za jioni. Kwangu kuna vijidudu vinaruka mpaka kero. Ukimimina chai, hujakaa vizuri kimoja kimeshaogelea. Nimetenga elfu 60 na wikiendi hii nataka nimalizane navyo. Kariakoo nimeona ile taa ya umeme ya mwanga wa zambarau, wanataka elfu 45. Jirani ananishauri nyavu madirishani. Mama watoto anasema tupulize dawa, yaishe. Kipi kinafaa? Nawasilisha.

Bwana Chemba
Mkuu, vijidudu gani? Mbu, vinzi vya matunda au vile vya bafuni? Bei zote umezitaja, mdudu mwenyewe hujamtaja. Na nyumba ni yako au umepanga?

FundiAlumini
Nyavu mkuu, usihangaike. Fremu ya alumini, unaibandua, unaosha, unarudisha. Taa ni pambo tu. Nitumie vipimo vya madirisha nikupigie hesabu.

Mama Salha
FundiAlumini wewe hata mtu akiumwa jino utamwekea wavu 😂

Kichwa Ngumu
Taa ninayo, miezi sita sasa. Inalia *pa! pa!* usiku kucha, unalala ukijua kazi inafanyika. Nunua.

Bwana Chemba
Umeshawahi kufungua kile kisahani chake cha chini ukaangalia nani kafa? Mimi nilifungua cha kwangu. Nondo, vijibawakawa, na mbu wa kuhesabu vidole. Mbu anafuata pumzi yako na harufu ya mwili. Taa inakaa kona ile, wewe umelala kona hii unapumua. Ataenda wapi?

Kichwa Ngumu
Yako ilikuwa feki.

Mama Salha
Upande wa dawa niulizeni mimi. Mwaka juzi jikoni kwangu vinzi vilikuwa vinainuka kama moshi ukifungua mlango. Nikanunua dawa kwa kijana anayetembeza, imo kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina karatasi wala jina. Kaniambia vifuniko viwili kwa lita moja. Mie kwa hasira nikaweka vinne. Nikapuliza chini ya makabati, nyuma ya friji, mpaka kwenye pazia. Nusu saa haikupita koo likaanza kuwasha, macho yanatiririka, mdogo wangu anatapika. Tukalala kwa jirani siku mbili, watu watano sebuleni kwa mtu. Vyombo vyote nikaviosha upya, unga nikamwaga, na mende waliokuwa wamejificha miaka wakatoka kufia katikati ya nyumba.

Vinzi? Siku ya sita vimerudi vyote na jamaa zao. Ndipo mama akaja, akasimama mlangoni, akanusa, akaenda moja kwa moja kwenye kiroba cha viazi chini ya meza. Kiazi kimoja chini kabisa kimeoza, kimekuwa uji, na ule uji unachezacheza kwa funza. Tukatupa kiroba, tukadeki kwa sabuni. Baada ya wiki mbili kimya mpaka leo. Dawa sikuigusa tena.

Bwana Chemba
Mama kaeleza kila kitu. Kinzi cha matunda kwenye joto letu, kutoka yai mpaka kuruka ni kama siku 10. Ukiua wanaoruka ukaacha tunda lililooza, unapunguza foleni tu. Waliobaki wategee kwa siki kidogo kwenye kikombe na tone la sabuni ya vyombo. Sabuni inaulegeza uso wa maji, akitua anazama.

Mpangaji_Sinza
Samahani wakuu, nilikuwa kwenye foleni ya Ubungo. Nimepanga, ghorofa ya pili, mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kutoboa ukuta. Vya jikoni vina macho mekundu, vinapenda ndizi. Vya bafuni ni vya kijivu, vinakaa tu kwenye vigae, ukikipiga kinaacha unga. Mbu nao wapo. Halafu nina kichanga cha miezi minne.

Bwana Chemba
Yaani una wadudu wa aina tatu na kichanga, halafu unatuuliza rangi ya taa! Kupuliza futa kabisa. Mtoto chandarua. Hao wa kijivu wanazaliwa kwenye ute ulioganda ndani ya bomba. Usiku bandika solotepu juu ya tundu la bafuni, gundi iangalie chini, acha upenyo. Asubuhi ukikuta wamenasa, ingiza brashi ndefu usugue kuta za bomba. Kumwaga maji ya moto peke yake hakuutoi ule ute.

FundiAlumini
Kuna wavu wa kubandika kwa mkanda wa kunata, hautobolewi ukuta. Nilikuwa sijamaliza kuongea.

Dada wa Tabata
Na wanaouma mchana je? Maana 2019 dengi ilinilaza wiki nzima, na kila usiku nalala ndani ya chandarua.

Bwana Chemba
Huyo ni mwingine, mwenye madoa meupe miguuni. Anazalia kwenye maji yaliyotulia: ndoo, tairi, sahani ya chungu cha maua. Angalia balkoni.

Otis_Kisumu
Nyinyi mnalia na vinzi vya ndizi? Njooni huku ziwani. Wale wadudu wa ziwa wakitoka, kwa mbali unadhani ni moshi juu ya maji. Ukisahau kuzima taa ya nje, asubuhi unawafagia kwa beleshi. Hawaumi, lakini huwezi kufungua mdomo.

Nshomile_BK
Otis, sisi wa upande wa pili wa ziwa tunawasha taa makusudi, ila tunangoja senene. Wageni kama hao hawapuliziwi dawa, wanakaangwa.

Kichwa Ngumu
Kumbikumbi wanamshinda senene kila siku. Beseni la maji chini ya taa, unapepeta mbawa, unakaanga kwa mafuta yao wenyewe.

Nshomile_BK
Unalinganisha senene na mchwa? Moderata ampumzishe huyu.

Mama Salha
Mwenzenu ana kichanga na mnaongelea kukaanga 😂

Mpangaji_Sinza
Mrejesho: solotepu imenasa 11. Brashi nimenunua. Ndizi zimehamia kwenye friji na mama watoto amenuna, anasema zinageuka nyeusi. Wavu bado sijaamua, fundi njoo inbox na bei isiyo ya Masaki.

FundiAlumini
Nimekuja, fungua.

Dada wa Tabata
Nshomile, hao senene kopo moja mnauzaje?

Nshomile_BK
Msimu bado dada. Niulize Novemba.