Tiba mtandao itamfikiaje mjamzito wa Newala vijijini?

Binti wa Kitangari
Ndugu zangu, habari za jioni. Mdogo wangu ana mimba ya pili, na katika ile ya kwanza alipata presha. Kijijini kwao zahanati iko mwendo wa saa nzima kwa bodaboda, na msimu wa korosho ukianza familia yote huhamia shambani, mbali zaidi. Nimesoma kwamba huko Marekani mwaka 2021 vifo vya uzazi kwa wanawake Weusi vilifikia 69.9 kwa kila vizazi hai 100,000, ilhali kwa Weupe vilikuwa 26.6, na kwamba baadhi ya hospitali zinatumia simu kupunguza pengo hilo. Je, tiba mtandao inaweza kumsaidia mwanamke wa huku kwetu, au ni mambo ya watu wa mjini wenye simu janja na bando?

Mfamasia, Masasi
Dada, jibu la swali lako limo kwenye simu ya kitochi. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Philadelphia kwa wanawake 206 waliojifungua wakiwa na presha ya mimba. Nusu waliambiwa warudi kliniki kupimwa. Nusu walipewa kipimo cha presha waende nacho nyumbani, wakatakiwa kutuma namba kwa ujumbe mfupi mara mbili kwa siku kwa muda wa wiki mbili. Katika siku kumi za mwanzo, presha ilijulikana kwa asilimia 92 ya waliotuma ujumbe, na kwa asilimia 44 tu ya walioitwa kliniki. Lililonigusa zaidi ni hili: kati ya walioitwa kliniki, wanawake Weusi waliofika walikuwa kama theluthi moja, ilhali wengine walifika saba kati ya kumi; lakini kwa waliotuma ujumbe, Weusi na wengine wote walivuka tisa kati ya kumi. Hayo yalitokea bila video na bila programu yoyote ya kupakua. Kumbe kilichokuwa kinawakwamisha ni safari yenyewe, pamoja na nauli, kibarua na mtoto wa kuachwa nyumbani.

Mkunga mstaafu
Mwanangu, nimezalisha miaka mingi, na naomba niongeze tahadhari. Mama mwenye upungufu wa damu hatumtambui kwa kumwangalia uso; tunafunua kope la chini, tunatazama ulimi na viganja. Picha iliyopigwa usiku kwa taa ya sola haitakuonyesha hilo kwenye ngozi yetu. Hata kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni, utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa Weusi kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni mara karibu tatu zaidi kuliko kwa Weupe. Kwa hiyo mdogo wako atume namba za presha, asitume picha. Akae dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu haijapandana, mkono usawa wa moyo. Ikifika 140 kwa 90 aende kituoni siku hiyohiyo. Ikifika 160 kwa 110, au akiumwa kichwa kisichotulia, au akiona maruweruwe, asisubiri kujibiwa ujumbe. Na asidhani kwamba akishajifungua amepona, kwa maana kifafa cha mimba huweza kumpata mzazi hata baada ya kutoka wodini.

Mtu wa Liwale
Nakubaliana na mama, ila kuna jambo ambalo wanaume tunalinyamazia. Katika nyumba nyingi simu ni moja, na ni ya baba. Shemeji yangu alikuwa akipata ujumbe wa kliniki jioni, mumewe anaporudi, na mara nyingine alipanda kichuguu kutafuta mtandao. Kitaifa tumetoka vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16 hadi 104 katika ule wa 2022, na ni hatua kubwa, lakini wastani haumjui mwanamke aliye shambani bila simu. Kwa dharura ipo namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, ambayo hupigwa bure. Gari la wagonjwa likikosekana, huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa simu.

Binti wa Kitangari
Ahsanteni sana. Kipimo nitamnunulia mwezi huu. Tatizo ndilo hilo alilolitaja kaka wa Liwale: shemeji husafiri na simu kwenda Mtwara, na huweza kukaa siku tatu.

Mkunga mstaafu
Basi mnunulie na kitochi chake mwenyewe, mwanangu, hata kiwe cha mtumba. Namba ya muuguzi wa zahanati na hiyo 115 ziandikwe kwa kalamu nyuma ya kadi yake ya kliniki, kisha mwonyeshe jirani wa shambani kadi inapowekwa.