Betri imeandikwa 288VF 6.0Ah, nimeifungua nimekuta seli tano. Mafundi tunaibiwa mchana kweupe

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha.

Mimi ni fundi seremala hapa Dar, kazi yangu ni makabati ya jikoni na milango. Miezi mitano iliyopita nilinunua Kariakoo seti ya mashine za chaji: drili, grenda ndogo, betri mbili na chaja, vyote ndani ya boksi gumu la plastiki. Nililipa shilingi 240,000. Kwenye betri pameandikwa kwa herufi kubwa 288VF, chini yake 6.0Ah, yaani kiasi cha chaji inachobeba. Kwenye grenda pameandikwa kuwa ni brashilesi, yaani mota isiyotumia kaboni. Muuzaji akaweka betri, akaizungusha drili hewani, ikalia vizuri, nikatoa hela. Hapo ndipo nilipokosea, maana kuzungusha drili hewani hakupimi chochote. Hata drili mbovu inazunguka hewani.

Wiki iliyopita nilikuwa Goba, nyumba mpya ambayo bado haijaunganishiwa umeme. Ndiyo maana halisi ya kuwa na mashine za chaji, ufanye kazi pasipo na soketi. Kabati la tatu la juu, kijana wangu kalibeba kwa mikono miwili usawa wa kichwa, mimi nafunga skrubu. Skrubu ya pili ikafika nusu, drili ikapunguza mwendo, ikanguruma, ikazima. Nikachomeka betri ya pili ambayo nilikuwa nimeichaji usiku kucha. Nayo ikazima pale pale. Mikono ya kijana inatetemeka, kabati limening'inia kwa skrubu moja na nusu, na mama mwenye nyumba kasimama mlangoni anatazama. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Fundi, vifaa vyako ndiyo hivyo?" Sikuwa na la kumjibu.

Siku ile nilikodi jenereta kwa 35,000 na kuazima drili ya waya. Kazi ya siku moja ikaisha kwa siku mbili, na ile ya pili nimeifanya bure.

Usiku nilikaa na betri mezani. Skrubu nne chini, nikatoa kifuniko. Kwa nje ile betri ni nene, ina umbo lile la betri kubwa zenye safu mbili za seli, yaani vile vibetri vidogo vya ndani. Ndani safu ya juu ina seli tano. Safu ya chini hakuna kitu! Wameweka kipande cha sponji ili isitoe mlio ukiitikisa. Narudia, mtu alikaa kiwandani akakata sponji ya kujaza mahali ambapo seli zilipaswa kuwa.

Nikazipeleka seli kwa fundi redio jirani yangu, akapima kwa mita. Nne zilisoma volti 3.8 na ushee. Ya tano ilisoma 0.7, imeshakufa. Hazina jina la kiwanda wala maandishi yoyote, ni ngozi ya plastiki ya bluu tu. Akaichukua moja kati ya zile nzima, akaijaza na kuimaliza kwenye kichaja chake cha kupimia. Ilitoa 1.3Ah.

Sasa naomba mnisikilize kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo tunapopigwa. Seli moja ya lithiamu ya aina hizi ina wastani wa volti 3.6, ikijaa kabisa inafika 4.2. Tano zikifungwa mfululizo ni volti 18, zikijaa ni 21. Basi. Ndiyo maana betri moja ya kampuni ya DeWalt Marekani inauzwa kama 20V MAX na Ulaya kama 18V: betri ni ile ile ya seli tano, tofauti ni wameisoma ikiwa imetoka tu kwenye chaji au ikiwa kazini. Huo ni ujanja wa biashara, lakini angalau namba inatokana na kitu. 288VF haitokani na kitu. VF si kipimo cha umeme kabisa. Ili upate volti 288 za kweli unahitaji seli 80, na kwa kuwa seli moja nyembamba ina uzito wa kama gramu 45, betri hiyo ingekuwa na kilo tatu na nusu za seli peke yake. Nani angeishika juu ya kichwa?

Na hiyo Ah ni uongo mbaya zaidi, kwa sababu ndiyo inayosema utafanya kazi mpaka saa ngapi. Seli zikifungwa mfululizo volti zinajumlishwa, Ah inabaki ya seli moja. Seli hizi za milimita 18 kwa 65, hata zile bora kuliko zote duniani, zinaishia kwenye 3.5Ah hivi. Kwa hiyo seli tano za aina hii kutoa 6.0Ah haiwezekani, kiwanda chochote kile. Betri za kweli za 5Ah au 6Ah ama zina seli kumi, safu mbili, ama zina zile seli nene za milimita 21 kwa 70. Mimi niliuziwa 6 nikapewa 1.3. Ukienda sokoni ukanunua kilo sita za mchele ukafika nyumbani ukakuta kilo moja na robo, ungekaa kimya?

Mzani wa jikoni ungeniokoa. Nimeipima ya pili ikiwa nzima: gramu 355. Betri ya Makita ya 5.0Ah ya fundi mwenzangu imevuka gramu 600. Uzito hauna lugha ya kibiashara. Siku hizi kila fundi ana simu mfukoni lakini hakuna anayeingia dukani na mzani wa elfu kumi na tano.

Kuna jambo lingine la hatari na nalisema kwa sababu najua wengi tunachaji usiku tukiwa tumelala. Bodi ya ndani ya betri yangu ina waya mbili tu, chanya na hasi. Hakuna waya unaokwenda kwenye seli moja moja. Maana yake bodi haijui kama seli moja imekufa, inaona jumla tu. Chaja nayo ni ya kipini chembamba, inasukuma mpaka jumla ifike 21. Moja ikiwa haishiki chaji, zile nne nyingine zinasukumwa kupita 4.2, na seli ya lithiamu iliyopitishwa hapo inaweza kupata moto na kuwaka. Mimi nilikuwa naichaji sebuleni, watoto wamelala mita tatu kutoka pale.

Grenda sitaisema sana. Ukiiwasha gizani unaona cheche kwenye matundu ya nyuma. Nikafungua, kaboni mbili hizi hapa. Brashilesi yenye kaboni.

Nikarudi dukani. Sikwenda kugombana, nilitaka kununua betri tu, kwa sababu drili yenyewe bado ni nzima, giabox haina tatizo, taya zinashika. Muuzaji akaniambia, "Kaka, betri peke yake hatuuzi, chukua seti nyingine." Akanionyesha mzigo mpya. Jina lile lile, rangi ile ile, lakini mkia wa betri umebadilika, hauingii kwenye mashine yangu. Kwenye risiti kuna ule mhuri tunaoujua wote, bidhaa iliyouzwa hairudishwi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikununua drili. Nilinunua betri mbili na vyuma viwili vinavyozitegemea, na betri zikifa vyuma vinakuwa takataka. Thamani ya mashine za chaji yote iko kwenye swali moja: baada ya miaka minne nitapata betri inayoingia humu? Makita walitoa mfumo wao wa lithiamu wa volti 18 mwaka 2005 na mpaka leo wanatoa mashine mpya zinazoutumia. Ndiyo maana hata viwanda visivyo na jina vinaiga mkia ule ule wa betri, na fundi anayenunua drili isiyo na jina yenye mkia ule ana nafuu kuliko mimi, akishaepuka betri bandia zenye nembo. Mwaka 2018 Metabo walianzisha muungano wa makampuni yanayotumia betri moja. Wenzetu wanakwenda huko, sisi tunaletewa kontena ambalo kila likija lina mkia wake.

Najua wapo watakaokuja hapa kuniandikia "rahisi ghali, ungenunua ya maana." Ndugu zangu, drili moja ya maana na betri zake mbili inameza zaidi ya hela niliyokuwa nayo, na nina ada za watoto. Sina ugomvi na bei ndogo. Wangeandika volti 18, 1.3Ah, mota ya kaboni, ningejua nanunua mashine ya kufungia bawaba nyumbani, na huenda ningeinunua kwa elfu themanini bila kinyongo. Ugomvi wangu ni uongo uliochapishwa kwenye plastiki. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na FCC, yaani Tume ya Ushindani, ndio wanaoisimamia. Mzigo huu haufichwi, unaning'inia kwenye milango ya maduka Kariakoo, namba zinasomeka ukiwa upande wa pili wa barabara.

Jumatatu nakwenda FCC na risiti, betri iliyofunguliwa, kile kipande cha sponji na picha za mita ikisoma. Mtu mmoja na betri moja watasema nimebahatika vibaya. Kwa hiyo naomba, mwenye betri iliyoandikwa VF, iwe 48, 88, 128 au 288, aiweke kwenye mzani leo. Msizifungue kama hamna uzoefu, msije mkagusanisha nyaya zikawaka. Pimeni tu, andikeni hapa gramu ngapi na imeandikwa Ah ngapi. Nitachapisha karatasi yenye majibu yote niende nayo.