Kiendelezi kinagandisha kompyuta: nizime kimoja kimoja, nifungue wasifu mpya, au nihamie Firefox?

SaibaKayole
Wakuu, hamjambo. Nina saiba hapa Kayole, na kompyuta moja ya Windows 10, ramu 4GB, inanitesa. Mteja akifungua Chrome, baada ya muda kishale kinakwama, taa ya diski inawaka mfululizo, hata saa ya pale chini haisogei. Nikitumia dirisha la hali fiche, inaenda vizuri. Viendelezi, yaani programu ndogo za kuongezwa kwenye kivinjari, ni vingi: viwili vya kuzuia matangazo, cha kushusha video, cha PDF, na vingine waliviweka wateja. Njia ipi inafaa mtu mwenye foleni ya watu mlangoni?

FundiLuthuli
Hali fiche imeshakupa nusu ya jibu, kwa sababu huko viendelezi huwa vimezimwa mpaka uviruhusu mwenyewe. Usizime kitu bado. Ukiwa ndani ya Chrome, bonyeza Shift na Esc pamoja. Itafunguka orodha ya kila kichupo na kila kiendelezi, pamoja na memori na prosesa kinachotumia. Bofya kichwa cha safu ya memori ili vikubwa vipande juu, kisha iache wazi ukiendelea na kazi. Mstari unaopanda tu bila kushuka, huyo ndiye. Mmalize hapo hapo uone kama mashine itapumua.

Hiyo taa ya diski inamaanisha ramu imejaa na Windows inahamishia mzigo kwenye diski. Kama ni diski ya kuzunguka, kompyuta nzima inasimama, si Chrome peke yake.

Wanjiru_Hesabu
Orodha isipokuonyesha, usizime kimoja kimoja, utakesha. Zima nusu. Ikitulia, tatizo liko kwenye hiyo nusu uliyozima, igawe tena. Viendelezi 16 unavimaliza kwa raundi 4. Ila vizuia matangazo viwili kwenye kivinjari kimoja havina maana, vyote vinachuja ukurasa uleule. Ondoa kimoja leo.

Shamsa_Eastleigh
Wasifu mpya wa Chrome (profile) ni wa haraka zaidi, lakini ukiingia kwa akaunti ileile na usawazishaji (sync) ukiwa umewashwa, viendelezi vyote vinarudi. Kwa saiba mimi ningechagua hali ya mgeni (Guest). Haina viendelezi, na mteja akifunga madirisha yake, historia na vidakuzi vinafutika.

Na hili tafadhali ulichukulie kwa uzito, ndugu yangu. Kiendelezi chenye ruhusa ya kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote kinaweza kuona mteja anachoandika, hata nywila ya eCitizen au ya iTax. Watu wanakuamini na mambo yao. Kompyuta kuganda ni shida ndogo hapo.

Kevo_Rongai
Mimi niko Firefox kwa sababu uBlock Origin kamili, kizuia matangazo, bado inafanya kazi huko, wakati Chrome imehamia Manifest V3, kanuni mpya za viendelezi, na kubaki na toleo lililopunguzwa la Lite. Lakini usihame kwa ajili ya hili tatizo. Kiendelezi kibaya kitakugandisha huko pia. Ukihama hata hivyo, andika about:processes kwenye upau wa anwani, utapata orodha kama ile ya Fundi.

FundiLuthuli
Nyongeza: kikitokea chochote kinachodai usasishe Flash Player, kifunge. Adobe waliacha kuitegemeza tarehe 31 Desemba 2020. Hakuna sasisho halali linalokuja kupitia tangazo.

SaibaKayole
Shift na Esc imemtoa! Ni kile cha kushusha video, memori ilikuwa inapanda hata pasipo video yoyote. Nimekiondoa, na wateja sasa wanatumia hali ya mgeni. Shamsa, asante sana dada. Fundi, bado niongeze ramu?

FundiLuthuli
4GB ni kidogo, ndiyo, lakini kwanza itumie wiki hii uone. Ukiamua, fungua kifuniko uangalie kama kuna nafasi ya pili ya ramu na kama ni ya aina ya DDR3 au DDR4, maana haziingiliani. Njoo mjini na hiyo ya zamani mkononi, usikadirie.