Mrejesho: biti iliyokuwa ikichimba kupita kiasi

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini mashine yangu ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta, hapa Keko, ilikuwa ikichimba mlango wa mninga kupita kiasi kila nilipotoa biti (kisu kinachozunguka na kukata mbao) bapa ya milimita 6 na kufunga ya ncha ya duara. Mlionielekeza kwenye sifuri ya Z (kimo ambacho mashine huanza kuhesabu kina, yaani uso wa mbao) mlikuwa sahihi kabisa: biti ya pili ilitokeza chini zaidi, nami sikupima upya. Sasa nazima mota, nasafisha koleti (kishikio kinachobana biti; vumbi hujificha kwenye mianya yake), nakaza, kisha nashusha biti juu ya karatasi, mahali pasipochongwa bado, hadi karatasi ianze kukwama ninapoivuta, ndipo naweka sifuri ya Z pekee; za X na Y (kushoto-kulia na mbele-nyuma) sizigusi. Jana ua la pembeni limetoka safi. Asanteni sana.