Familia ya Kuze: chakula cha Kaka Athmani

IJUMAA

Zuhura, 06:48
Assalamu alaykum familia, Ijumaa njema. Niliandika juzi, nikaandika jana, na leo naandika tena. Kaka Athmani anastaafu mwisho wa mwezi. Meneja wa klabu ya gofu tangu Nuru yuko chekechea, kabla ya hapo kedi, mbeba fimbo za wachezaji, na kabla ya hapo mwokota mipira. Hatuwezi kumwacha atoke kimya kimya kama mtu aliyefukuzwa. Chakula ni Jumapili tarehe 28. Mchango 2,000 kila nyumba. Nambari yangu ya M-Pesa mnayo.

Zuhura, 06:50
Ukumbi nishalipa arubuni. Watu 60. Mchele kilo 10, nyama ya mbuzi kilo 15, mpishi ni yule yule wa hitima ya Baba.

Ami Bakari, 07:05
Wa alaykum salaam. Amin amin 🤲

Zuhura, 07:06
Ahsante Ami. Dua tutaisoma siku yenyewe, na wewe ndiye utakayeisoma inshallah.

Zuhura, 09:20
Waliosoma ni 14. Aliyejibu ni Ami peke yake.

Hamisi, 09:26
Mimi niko bandarini, mikono yote grisi. Swali moja tu. Biriani au pilau?

Zuhura, 09:26
Biriani.

Hamisi, 09:27
Basi mimi nimo.

Zuhura, 09:27
Umo na 2,000 au umo na mdomo?

Hamisi, 09:29
Mdomo umeshafika. Hiyo 2,000 iko kwenye foleni ya feri.

Saumu, 09:33
😂😂 Wifi Zuhura muache, mwisho wa mwezi haujafika.

Zuhura, 09:35
Wifi, nawe ndiye mwenye sherehe, usinivunjie mchango. Uliza Kaka anataka nini. Suti? Saa ya ukutani? Tumnunulie nini?

Saumu, 09:41
Mimi nitasema kimoja. Tangu nimeolewa, mume wangu huamka saa kumi alfajiri, na hajapata kula Idi ya asubuhi bila simu ya klabu kulia katikati ya mahamri. Mara bomba la maji limepasuka, mara mgeni amepoteza ufunguo wa gari. Zawadi nitakayo ni hiyo simu izimwe.

Hamisi, 09:43
Mnunulieni ndoo ya maji tuitumbukize simu.

Nuru, 09:44
Ami Hamisi 🙈

Rukia, 10:17
Nimesoma.

Zuhura, 10:17
Rukia mamangu! Alhamdulillahi. Wewe nimekuandika kwa kachumbari na maji ya ukwaju, hapana akushindaye.

Rukia, 10:31
Dada, kuchanga nitachanga. Lakini msinitake nikae meza ya mbele nipige makofi. Mimi niliozwa na Ami Bakari, na kwa nini, mwajua nyote. Klabu hiyo hiyo mnayotaka tuishangilie.

Zuhura, 10:32
Rukia, si hapa.

Rukia, 10:32
Si hapa, si kule, si mbele ya watu, si kwenye simu. Miaka yote ni hivyo.

Ami Bakari, 10:50
Hayo yalikwisha mwanangu.

Rukia, 10:52
Kwako yalikwisha Ami, na Mwenyezi Mungu akulipe kwa ulilonifanyia siku ile.

Hamisi, 10:58
Jamani mpishi wa hitima ndiye yule aliyesahau chumvi? Naulizia ndugu zangu walioko Doha.

Zuhura, 10:59
Hamisi rudi kwenye meli.

Zuhura, 12:05
Waliochanga mpaka sasa: Zuhura. Basi.

Athmani, 14:22
Assalamu alaykum nyote. Nimeyaona yote tangu asubuhi, sikujibu kwa sababu ya kazi na kisha swala. Nipeni nafasi niseme, nitaandika kirefu kidogo.

Mwajua kazi yangu yaanzia wapi? Yaanzia kwa Mzee Kombo. Kabla jua halijachomoza hushika mwanzi mrefu akafagia umande kwenye grini, pale penye bendera. Akimaliza hutoboa shimo jipya, milimita 108 upana wake, hapana kuzidi wala kupungua. Shimo la jana hulizibia kwa kile kile kipande cha udongo na nyasi alichokitoa kwenye jipya, akakigandamiza kwa mguu, akakimwagia maji. Ukipita saa moja baadaye huwezi kusema bendera jana ilisimama wapi. Wachezaji wakija saa mbili wanaona uwanja mzuri, wananishika mkono mimi, wananambia meneja hongera. Nami kila siku hongera ile huipokea kwa niaba ya mtu aliyekwisha kwenda kunywa chai nyuma ya stoo.

Athmani, 14:31
Mimi gofu niliijua nje ya ua. Baba alikuwa akituchukua Jumapili kwenda Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa, kupunga upepo, akatununulia mihogo ya kukaanga, nami nikaganda pale kwenye uwanja ule wa mashimo tisa uliokuwapo tangu 1911. Wenye kupiga walikuwa Wazungu na Wahindi, wenye kubeba walikuwa watu wa rangi yangu. Hamisi alikuwa mgongoni kwa Mama, Rukia hajazaliwa. Baba hakuninyamazisha wala hakunambia ule si mchezo wetu. Alinichongea fimbo kwa tawi la mwarobaini, akanipa na kijipira alichookota mtaroni. Kuli wa bandari, mabega yamechubuka kwa magunia, siku yake moja ya kupumzika akaitumia kuchonga fimbo ya mchezo asioujua. Kama kuna mtu wa kushukuriwa tarehe 28, shukuruni kwanza huyo.

Athmani, 14:40
Na mchezo wenyewe umenilea. Gofu haina refa wa kukuandama kila hatua. Mpira ukisogea vichakani kwa kuguswa na fimbo yako, ni wewe na Mola wako. Makedi wakubwa walikuwa wakitusimulia habari za Bobby Jones, Mmarekani. Mwaka 1925, kwenye mashindano makubwa kabisa ya nchi yao, alijihesabia mwenyewe pigo la adhabu kwa mpira ambao hapana mwengine aliyeuona ukisogea. Mwisho akalingana na Willie Macfarlane, wakacheza raundi mbili za ziada, akashindwa kwa pigo moja. Sisi makedi hatukuwa na viatu, lakini habari ile tuliishika. Kwa hiyo nilipopewa funguo za klabu, sheria yangu kwa wafanyakazi ilikuwa moja, hesabu yako ihesabu kana kwamba hapana anayekutazama. Wengi wameiweza. Wapo niliowaacha waende.

Na Nuru atakumbuka 2019, Tiger Woods aliposhinda tena Masters, yale mashindano makubwa ya gofu kule Marekani. Mwaka 1997 aliishinda kwa tofauti ya mapigo 12 akiwa na miaka 21, akamwangukia babake kifuani. Hii 2019 aliyekuwa akimngojea pale pale ni mwanawe. Nililia mbele ya wateja, wala sikuona haya. Watu wanahesabu vikombe, mimi nilichokiona ni kwamba baba amekuwa mwana na mwana amekuwa baba, na katikati yao kuna miaka ambayo mtu yule aliumia mgongo mpaka kutembea kukawa shida.

Athmani, 14:47
Sasa ombi langu. Sitaki suti, sitaki saa, sitaki hotuba. Nataka siku hiyo wakata nyasi, makedi na akina mama wa jikoni waje na watu wao, wakae kwenye majamvi, na sisi familia ndio tuwapakulie, tuwanawishe mikono, tuwaletee maji. Kedi hubeba mfuko wa fimbo 14 juani kutwa, upepo wa kusi ukimpiga usoni, kisha akasimama pembeni wenzake wakila. Nimesimama pembeni vile mimi. Nataka niwaone wamekaa.

Saumu, 14:52
❤️

Nuru, 14:53
Baba 😭

Zuhura, 14:55
Kaka Mungu akuzidishie. Nimesoma mara mbili. Lakini niambie idadi. Hao wote ni wangapi?

Athmani, 14:57
Na watu wao, kama 50 hivi.

Zuhura, 14:57
50!!

Zuhura, 14:58
Kaka ukumbi ni wa 60. 60 na 50 ni 110. Mchele kilo 10 hautoshi, nyama hiyo haitoshi, na aliyechanga ni mimi peke yangu.

Hamisi, 15:03
Mimi nasema makedi wakija tumepata bahati. Wamezoea kubeba, masinia yatatoka jikoni kwa mpango.

Zuhura, 15:04
Hamisi!! Kaka amesema WAKAE.

Hamisi, 15:05
Haya basi nitabeba mimi. Nimetuma 2,000, angalia.

Zuhura, 15:06
Imefika. Allah akubariki. Umeona si kazi?

Rukia, 15:20
Nimesoma pia, nayo ni maneno mazuri sana Kaka, sikatai. Shimo la kwenye nyasi Mzee Kombo analiziba kwa udongo na maji. Langu halikupata hata mtu wa kulifagia umande.

Zuhura, 15:21
Rukia.

Athmani, 15:34
Rukia, hilo nitalijibu mbele ya Mama na mbele yako. Halina jibu la kuandikwa.

Rukia, 15:35
Umesema hivyo siku ya arubaini ya Baba.

Swaleh Doha, 16:10
Assalamu alaykum, ndio natoka kazini. Kuna ujumbe 47. Nani amefariki?

Zuhura, 16:11
Hapana aliyefariki Swaleh, Mjomba wako anastaafu, soma juu.

Swaleh Doha, 16:12
Nitasoma usiku mama.

Zuhura, 17:45
Jamani nangojea. Waliosoma ni 16. Ukumbi wataka salio Jumatatu. Nawajibu nini?

Zuhura, 19:02
Hata alama ya dole hamna?

Nuru, 20:15
Shangazi, nimemsomea Nyanya yote, toka juu mpaka chini. Ameniambia niandike asemavyo, nisipunguze wala nisizidishe. Naandika.

Nuru, 20:24
"Athmani ni mwanangu na Rukia ni mwanangu. Siku ya kuozwa Rukia mimi nilikuwa chumbani naye, nikimshika mkono, kwa hiyo hapana wa kunisimulia mimi siku ile. Rukia ana haki yake. Asiambiwe yalikwisha, wala asinyamazishwe. Athmani naye atasema alilonalo, kwangu, si kwenye simu.

Hilo la wakata nyasi nimelisikia. Baba yenu alibeba magunia bandarini mpaka mgongo ukapinda, na sikuona tajiri hata mmoja aliyempakulia kikombe cha chai. Waje. Waje na watoto wao.

Ukumbi siutaki. Chakula kitapikwa kwangu Kuze, barazani na uchochoroni, majirani nitawaambia mimi. Na atakayeshika upawa ni Rukia. Hapana sahani itakayotoka bila mkono wake."

Nuru, 20:24
Basi. Amesema hivyo, kisha ameniomba nimwekee udi.

Ami Bakari, 20:51
Bi Mkubwa amesema.

Athmani, 20:53
Nimekusikia Mama. Labeka.

Saumu, 20:55
Nimesikia Mama.

Hamisi, 21:10
Nimesikia Mama. Turubai naleta mimi, na waya wa taa.

Zuhura, 21:32
Nimesikia Mama. Basi ni Kuze, hapana ukumbi. Nitawapigia kuhusu arubuni, wakinirudishia nusu nitashukuru. Mchango sasa ni 3,500 kila nyumba, mchele kilo 18, nyama kilo 27, na kuni, si gesi. Nani ana sufuria kubwa? Nahitaji mbili za kuingia mtu.

Zuhura, 21:33
Na uchochoro ni ule wa kina Bi Fatma, maji yakimwagika ni matope. Naomba majamvi ya juu ya maturubai, si ya chini moja kwa moja.

JUMAMOSI

Swaleh Doha, 01:18
Mama nimesoma yote sasa. Nimetuma 10,000. Mjomba Athmani, sijui niseme nini, Mungu akuweke. Khalati Rukia nakupenda.

Zuhura, 05:40
Imefika mwanangu. Usiku wote huo hulali?

Athmani, 06:02
Jumamosi ile ya tarehe 27 ndio mashindano yangu ya mwisho klabuni. Ningependa nyote mje asubuhi, hata kwa saa moja. Hamjapata kuja hata siku moja. Mlango nitausimamia mimi mwenyewe.

Hamisi, 06:15
Viatu gani huvaliwa? Nina sandali tu za makubadhi.

Athmani, 06:16
Njoo nayo makubadhi.

Zuhura, 06:20
Kaka, Jumamosi 27 ndio siku ya kukatakata vitunguu kilo 20! Wote hatuwezi kwenda. Tugawane, wengine klabuni, wengine vitunguuni.

Rukia, 07:44
Mama nimekusikia. Upawa nitaushika, na hapana atakayeondoka na njaa. Klabuni Jumamosi sijui.

Rukia, 07:46
Kaka, kabla ya Jumapili uje Likoni. Peke yako. Usinitumie Wifi wala Dada.

Athmani, 07:49
Nitakuja. Alhamisi baada ya Alasiri.

Rukia, 07:50
Alhamisi nina kliniki na mtoto.

Athmani, 07:50
Ijumaa basi. Nikitoka msikitini navuka.

Zuhura, 08:30
Rukia, Ijumaa sawa?

Zuhura, 10:12
Haya, hilo ni lenu wawili. Sufuria bado sijajibiwa. Moja ipo kwa jirani wa Kibokoni lakini anataka tuikodi, nyingine Hamisi ulisema ipo kwa shemeji yako Majengo, tangu arusi gani ile hairudi? Na Jumatatu nakwenda Marikiti kuulizia bei ya mchele, anayetaka kuchanga achange kabla ya hapo, si baada. Waliosoma ni 16.