Mrejesho: fulana ya umeme kwa mzee mwenye Parkinson

Wakuu, niliuliza kama baba, anayeishi nami huku Ujerumani na ana Parkinson (ugonjwa wa neva unaotetemesha na kukakamaza mwili), anaweza kufanya mazoezi ya ile fulana ya umeme unaokaza misuli. Asanteni sana mlionijibu.

Tulianza kwa daktari wa neva kama mlivyosisitiza. Swali lake la kwanza: ana kifaa cha umeme moyoni au kwenye ubongo? Mwenye nacho haruhusiwi. Mzee hana, akakubaliwa: dakika 20 mara moja kwa wiki, umeme mdogo, maji ya kutosha, maana ukizidisha misuli huharibika na figo zikaumia. Tunakwenda mazoezini dawa yake ya Parkinson, levodopa, ikiwa imeshashika.

Sasa anainuka kitini bila kushikwa, na mgongo umenyooka kidogo. Mkono unatetemeka vilevile. Miguu nayo bado inaganda mlangoni, inagoma kupiga hatua; hapo kilichosaidia ni mistari ya utepe sakafuni, mkuu uliyeipendekeza ubarikiwe, anaivuka mmoja mmoja. Na utepe wenyewe bei chee, si kama hiyo fulana!

Fiziotherapia ya kawaida hatukuiacha, kwa hiyo umeme siupi sifa zote.