Ilya Musin: mwalimu wa waongozaji okestra

Swali: Wakuu, Musin alianza kufundisha uongozaji katika Konsavatori (chuo cha muziki) ya Leningrad, sasa St. Petersburg, mnamo 1932. Mbona yeye mwenyewe hakudumu na okestra kubwa?

Jibu: Aliongoza okestra ya taifa ya Belarusi kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, lakini kwa kuwa hakujiunga na Chama cha Kikomunisti, njia ilizibwa, akabaki darasani. Si haba: waongozaji mashuhuri Temirkanov, Bychkov na Gergiev wote walipita mikononi mwake.

Jibu: Darasani mwanafunzi aliongoza wapiga piano wawili walioshika nafasi ya okestra nzima, huku Musin akisisitiza kwamba mkono wenyewe uoneshe pumzi na uzito wa sauti, pasipo maelezo marefu. Kwangu hilo ni gumu kuliko kuhesabu mapigo.

Muulizaji: Nashukuru, nimeelewa.